Uvimbe Ambao Sikuwa Nao

Mwaka huu, juu ya kitanda changu hapa Masuguru, Korogwe, ilining'inia kamba ya katani yenye mafundo matano.

Ukiingia chumbani ghafla ungedhani kuna mtu anataka kujinyonga. Mwanangu wa pili alipoiona mara ya kwanza alitoka mbio mpaka kwa jirani.

Kamba ile iliniinua kitandani siku arobaini. Sikuwahi kuuliza ilisukwa kwa ajili ya nani.

Nilipokuja kujua nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha mtu huko Handeni, natamani ardhi ipasuke niingie.

Naitwa Husna. Situmii jina la bandia, maana kujificha ndiko kulikonifikisha hapa. Mnaotaka kunitukana mtanitukana, ila someni kwanza mpaka mwisho ili mnitukane kwa haki.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya harusi na vitenge, yaani nashinda nawapima wenzangu viuno huku changu nakijua mwenyewe.

Nina watoto watatu. Wawili wa kwanza walitoka wakaniacha kama nilivyokuwa. Wa tatu aliniachia tumbo.

Siyo kitambi cha kuficha kwa dera. Ni tumbo la kuning'inia, ngozi imelegea, ukikaa linakaa na lenyewe.

Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili tulikuwa harusini Mkumbara. Watu wengi, viti vichache, mimi nimesimama pembeni ya turubai. Mshereheshaji akadaka kipaza sauti:

"Jamani, kuna mama mjamzito pale amesimama. Waungwana, mpisheni kiti!"

Nikageuka kumtafuta huyo mama na mimi nimhurumie.

Alikuwa ni mimi.

Watu wameshasimama, kiti kimeshaletwa, kila mtu ananitazama kwa huruma. Mnajua nilifanya nini? Nilikaa. Tena nilishika kiuno kabisa, nikahema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nikibanwa na aibu mimi ni mwongo, tena mwongo mwepesi. Ningejirekebisha siku ile, haya yote yasingetokea.

Nikamwambia rafiki yangu Filomena, msusi wa karibu na stendi. Yeye akacheka kwanza, halafu akasogeza stuli.

"Mwenzangu, siku hizi matumbo yanakatwa. Unaingia nalo, unatoka bila. Kuna dada alifanyiwa Dar, ukimwona utadhani hajawahi kuzaa."

Hela ilikuwepo, ya cherehani yangu mwenyewe. Tatizo halikuwa hela. Tatizo lilikuwa nitasema nini nyumbani.

Mume wangu Mdoe anafanya kazi Hale, anarudi mwisho wa wiki. Ni mtu mpole. Ningemwambia ukweli angeshangaa, angesema tumbo hilo si ndilo lililobeba wanangu, basi, tungebishana siku mbili yakaisha. Leo nalijua hilo. Wakati ule niliogopa kuchekwa. Niliogopa ukoo mzima wa Handeni kusikia kwamba mke wa Mdoe amekwenda kukatwa kitambi.

Kwa hiyo nikasema nina uvimbe.

Uvimbe kwenye kizazi. Uongo huo ulinikaa vizuri kuliko gauni lolote nililowahi kushona. Unaeleza kidonda, unaeleza tumbo kupungua, na mwanaume akisikia neno kizazi haulizi swali la pili.

Mdoe aliweka kijiko chini. Chai yake ikapoa bila kuinywa.

"Utapona," akasema. "Inshallah utapona."

Kuanzia wiki ile akawa anafunga kila Alhamisi. Hakuniambia. Niligundua nilipompigia simu mchana nikamuuliza amekula nini, akababaika. Mume wangu anafunga kumwombea mke anayekwenda kupunguza nyama, na mimi nikakausha kimya.

Wale wa kliniki ya Dar walinitumia maelekezo kwenye simu ya namna ya kuandaa nyumba kabla ya kwenda. Nikayafuata yote. Kitanda kiinuliwe ili usihangaike kuamka. Mito mitano, mmoja wa chini ya magoti. Kapeti na mikeka viondolewe usije ukajikwaa. Vitu vyote unavyotumia viwe usawa wa kiuno, maana kuinama hutaweza na kunyoosha mikono juu hutaweza. Kiti cha kuogea. Madera ya kufungua mbele. Na mtu mzima wa kushinda na wewe, hasa wiki za mwanzo.

Mtu mzima nilimpanga Filomena, aliyejua siri.

Ila Mdoe, kwa nia yake njema, alikuwa ameshampigia mama yake.

Bi Fatu, mama mkwe wangu, ni Mzigua wa Handeni. Amepita miaka sitini, mwembamba, mkulima wa mahindi, maneno machache lakini utani haumwishi. Mimi ni Msambaa, mtani wake, kwa hiyo kwake sina pa kupumzika.

Alifika mwisho wa mwezi wa tano, siku mbili kabla sijasafiri. Alikuja na kiroba kimoja na kibegi kidogo cheusi. Kile kibegi akakiweka juu ya kabati.

"Hiki asikiguse mtu," akawaambia wanangu.

Halafu akaingia chumbani kwangu kukagua. Nilijiona nimeandaa kila kitu. Yeye akasimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Mama Adamu, hii ndoo umeiweka wapi?"

"Pale chini mama, karibu na mlango."

"Utainama na kidonda?"

Akaipandisha kwenye stuli. Chupa ya chai akaihamishia upande wa mkono wa kulia. Akalala kwenye kitanda changu, akajaribu kuamka bila kutumia tumbo, akashindwa, akashuka akatafuta matofali mawili zaidi ya kuongeza. Akahesabu hatua mpaka chooni. Akang'oa pazia la mlangoni, akasema linanasa miguu.

"Mama, haya yote umeyajulia wapi?"

"Ukiwa mtu mzima unajua," akasema bila kunitazama.

Kisha akafungua kiroba akatoa ile kamba. Katani safi, imesukwa mara tatu, imepakwa mafuta mpaka inateleza, mafundo matano yamepangwa vizuri. Akamwita Mdoe aifunge kwenye kenchi ya paa.

"Ukitaka kuamka unashika fundo, unajivuta kwa mikono. Tumbo unaliacha lilale. Nyie Wasambaa si mmezoea kupanda milima? Haya, panda."

Nilicheka. Nikamwambia mama ni fundi. Sikujiuliza mkulima wa Handeni amepata wapi kamba ya mgonjwa iliyokwisha kusukwa.

Dar nilikwenda na Filomena. Sitaeleza ya huko. Niseme tu kwamba nilikatwa kutoka nyonga hii mpaka ile, na siku ya pili niliwaita marehemu wote wa ukoo wetu kwa majina.

Nilirudi Korogwe tarehe nane mwezi wa sita. Natembea nimeinama, nimebanwa mkanda tumboni, uso umenishuka. Mama mkwe alinipokea mlangoni akanishika kwapani kama mtoto anayejifunza kusimama.

Akamwambia Filomena, "Mwanangu, asante. Nenda kapumzike, sasa ni zamu yangu."

Filomena akanitazama. Ningesema nini? Akaondoka.

Jamani, yule mama alinilea.

Aliniogesha kwa kitambaa. Alinifulia. Alinipikia uji wa mtama, supu ya kuku wa kienyeji aliyemchinja kwa jirani, mboga ya mchunga, kila kitu kilaini. Akinipeleka chooni anasubiri nje ya mlango. Akiniinua mara nyingine namwona anauma meno, anashika kiuno chake, anasubiri kidogo ndiyo anaendelea.

"Uzee," anasema.

Siku ya tatu akaja na beseni la maji ya moto na kitambaa.

"Nikukande."

"Hapana mama!" Nilipiga kelele. "Daktari kakataza!"

"Kizazi bila kukandwa?"

"Kakataza kabisa mama. Hata kugusa."

Akarudisha beseni bila kinyongo. Ila alikuwa ameshaona bandeji ilivyozunguka.

"Mbona wamepasua mpaka ubavuni?"

"Ulikuwa mkubwa mama."

"Kama nini?"

Nikatazama dirishani. Kulikuwa na papai kwenye meza ya pale dirishani.

"Kama papai."

Mama mkwe alishika tumbo lake mwenyewe, akasema Allahu Akbar.

Habari ya papai ilitembea. Wanawake wa mtaani walianza kuja kunijulia hali, huyu na mayai, yule na sukari. Alhamisi walikuja wengi, wakakaa kwenye mikeka sebuleni, mlango wa chumba umeachwa wazi ili nisikie, wakanisomea dua. Waliomba Mungu aniondolee mabaki ya ugonjwa ule asiubakishe hata kidogo. Waliitikia amina kwa nguvu. Nilikuwa nimelala na mito mitano, sauti ya mama mkwe naisikia juu ya zote, na nilijifunika kanga usoni.

Walidhani nalia kwa uchungu.

Asubuhi ya tarehe kumi na nne niliamka vibaya. Kizunguzungu, joto, nilitapika uji wote. Nilipogeuza shingo nikamwona mama mkwe amekaa kwenye kiti, amevaa gauni lake zuri na mtandio mpya. Kile kibegi cheusi amekipakata.

"Unakwenda wapi mama?"

"Nilitaka kutoka kidogo. Nitarudi."

Nikamshika mkono.

"Mama usiniache. Naomba usiniache leo."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akavua mtandio, akarudisha kibegi juu ya kabati.

"Siyo lazima iwe leo," akasema. Akaenda kuchemsha maji.

Joto likashuka jioni. Kilikuwa kitu kidogo tu, ilinitosha dawa.

Baada ya hapo ndipo yalipoanza maswali. Hayakuwa maswali ya umbea. Anakaa na bakuli la uji, ananilisha, anauliza polepole.

"Mama Adamu, ulijuaje kwamba una uvimbe?"

"Maumivu, mama. Maumivu ya chini ya kitovu."

"Na damu?"

"Damu ilikuwa inatoka mara moja moja."

"Hata siku ambazo siyo zako?"

"Hata siku ambazo siyo zangu."

Akakoroga uji.

"Ulikaa nao muda gani?"

Hapo ndugu zangu nilikuwa nimechoka. Niliona ananichimba, ananitega nijikanyage. Nikataka kumaliza mazungumzo kwa jibu moja kubwa.

"Miaka minne mama. Daktari alisema vitu hivi havina haraka. Unaweza kukaa nao hata miaka kumi."

Nakumbuka uso wake. Ulilegea wote. Alicheka kidogo, akaniwekea kijiko mdomoni.

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi."

Nikadhani anashukuru kwa ajili yangu.

Alikaa mpaka siku arobaini zikatimia, kama vile nimejifungua. Alipoondoka kwenda kwake nilimwambia achukue kamba yake.

"Kaa nayo kwanza," akasema. "Nitaihitaji nikishavuna."

Nilijua anataka kufungia magunia.

Nisiwadanganye tena: nilipendeza. Nilijishonea gauni la kubana nyonga, nikapiga picha, nikaweka kwenye simu watu waone. Wateja wakaongezeka. Filomena akanipigia vigelegele saluni kwake. Nikasahau.

Mwezi wa nane, mchana, niko kwenye cherehani, Mdoe akanipigia kutoka Hale. Sauti haikuwa yake.

Mzee Mhina, jirani wa mama kule Handeni, alikuwa amempata mama ameanguka shambani katikati ya mahindi. Kanga imelowa damu.

Tulifika Handeni jioni, jua bado halijazama. Mama alikuwa hospitali, amelazwa, anaongezewa damu, amelala. Muuguzi akasema tulete kanga, beseni na chupa ya chai. Mdoe akabaki naye. Mimi nikaenda nyumbani kwake kuchukua vitu.

Jirani yake mmoja, Maryamu, mwanamke wa makamo hivi, alikuwa na ufunguo. Akanifungulia.

Nikaingia chumbani kwa mama mkwe wangu.

Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali.

Ndoo ilikuwa juu ya stuli. Chupa ya chai ilikuwa juu ya meza ndogo, upande wa mkono wa kulia. Hakukuwa na mkeka chini. Mlangoni hakukuwa na pazia, misumari yake tu ndiyo ilikuwa imebaki. Mito ya kushona kwa vitambaa vya zamani imepangwa, mmoja mdogo wa chini ya magoti. Vyote vimeshika vumbi.

Nikainua macho taratibu. Kwenye kenchi, juu ya kitanda, kulikuwa na alama ya mahali palipofungwa kamba. Nyuzi mbili tatu za katani zilikuwa bado zimenasa kwenye mbao.

"Maryamu," nikasema. "Chumba hiki kiliandaliwa lini?"

"Mwezi wa tano. Si alikuwa anakwenda kupasuliwa? Tulimsaidia kunyanyua kitanda mimi na Mzee Mhina. Kamba aliisuka mwenyewe wiki nzima, anaipaka mafuta isije ikamchubua."

"Halafu?"

"Halafu Mdoe akapiga simu kwamba wewe ndiye mgonjwa. Akapanda juu ya kitanda akaifungua. Akasema nyumba moja haiugui watu wawili. Shida yako nzito zaidi, yake itasubiri." Maryamu akanitazama kwa huruma. "Aliporudi tukamuuliza, vipi wewe? Akasema mkwe wake alikaa nao miaka minne na amepona. Akasema atavuna kwanza."

Kibegi cheusi kilikuwa chini ya mto.

Ndani kulikuwa na kanga mbili mpya, sabuni, na karatasi ya hospitali imekunjwa mara nne. Uvimbe kwenye kizazi. Afike kwa upasuaji, asichelewe. Tarehe kumi na nne mwezi wa sita.

Nilikaa chini sakafuni. Sikulia. Kulia kungekuwa ni kujihurumia, na sikuona cha kuhurumia.

Nilikumbuka mtandio mpya. Nilikumbuka mkono wangu ulivyomshika.

Kesho yake asubuhi Mdoe alitoka kutafuta dawa. Nikabaki na mama. Alikuwa ameamka, midomo imekauka. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja. Wewe ndiye niliyekuwa namtaka, maana umepita huku. Kupasuliwa kunauma sana?"

Nikapiga magoti kando ya kitanda cha hospitali, wagonjwa wengine wananitazama.

"Mama, mimi sikuwa na uvimbe."

"Enh?"

"Sikuwa na uvimbe mama. Nilikwenda kukatwa tumbo. Kitambi tu. Nilitaka kupendeza."

Macho yake yalishuka mpaka kiunoni kwangu, yakarudi usoni.

"Na lile papai?"

"Halikuwepo."

"Na miaka minne?"

"Niliitunga. Nilikuwa nataka uache kuniuliza."

Alicheka kidogo, kicheko kikamuuma, akaacha. Akageukia ukutani.

"Mimi nikasema Mungu kamtanguliza mkwe wangu anioneshe njia," akasema. "Kumbe wewe ulipita nyingine."

Niliinamisha kichwa kwenye godoro. Baada ya muda nikasikia vidole vyake kwenye mtandio wangu.

"Mdoe anajua?"

"Hajui."

"Mwambie wewe. Kwangu haitoki."

Nilimwambia Mdoe nje, karibu na bomba la maji. Nilisema yote bila kupunguza. Nilitegemea atanipiga kofi au atanipa talaka, na ningevipokea vyote viwili. Alikuwa ameshika mfuko wa dawa. Aliupeleka mkono huu, akaupeleka mkono ule.

"Nilifunga Alhamisi kumi na moja," akasema.

Akaingia ndani kwa mama yake. Wiki tatu tuliongea habari za dawa na watoto tu.

Mama alipasuliwa. Daktari alisema angekuja mwezi wa sita kazi ingekuwa ndogo. Sasa wameutoa, lakini kuna vipimo na kliniki za kurudi kila mara, na hakuna anayetuahidi kitu. Nilifunga duka langu. Niliirudisha ile kamba Handeni, nikapanda juu ya kitanda, nikaifunga mwenyewe pale pale kwenye alama yake.

Nikamwogesha kwa kitambaa. Nikampikia uji wa mtama. Akienda chooni nasubiri nje ya mlango.

"Msambaa leo unafanya kazi," ananiambia.

Wiki ya pili walikuja wanawake wa jirani kumwona. Walijaa chumbani, wengine kwenye mikeka uani. Mimi nagawa chai. Mmoja akaniuliza mama anaendeleaje, na kabla sijajibu mama mkwe akadakia kutoka kitandani:

"Huyu ndiye mwalimu wangu. Naye alitolewa wake, mnamwona alivyo mzima? Nitapona kama yeye."

Alikuwa ananisitiri. Mgonjwa, kidonda kibichi, anahangaika kunifunika mimi nisiumbuke. Nikainamisha macho nikaendelea kumimina chai. Ndiyo, nilinyamaza. Niandike kila kitu: nilinyamaza, na niliona nafuu.

Kisha Maryamu akanisogelea. Akaongea chini, kwa sauti ya siri ya wanawake wawili.

"Dada, eti ni kweli ulikaa nao miaka minne?"

"Kwa nini unauliza?"

"Basi mimi wangu wa mwaka mmoja siyo kitu. Nasikia damu mara moja moja tu. Nilitaka kwenda Ijumaa, lakini bora nisubiri watoto wafunge shule."

Chupa ya chai nikaiweka chini.

Nilimtazama mama mkwe. Hakusikia. Alikuwa anaongea na mwingine, uso wake una amani, siri yangu ipo salama kwake mpaka kaburini. Ningeweza kumwambia Maryamu pembeni, nusu nusu, nenda tu hospitali usisubiri. Lakini chumba kile kilikuwa na wanawake kumi na sita, na wote walikuwa wameshaisikia miaka minne. Sikujua ni nani mwingine aliyeibeba akaenda nayo nyumbani.

"Jamani," nikasema. "Naomba mnisikilize."

Wakanigeukia.

"Mimi sikuwahi kuwa na uvimbe."

Mama mkwe akageuza kichwa. "Mama Adamu, nyamaza."

"Sikuwa nao. Nilikwenda Dar kukatwa kitambi, nikaona aibu, nikasema uvimbe. Miaka minne niliitunga. Kwamba hauna haraka niliitunga. Mama alikuwa na tarehe ya hospitali, akaiacha akaja kuniogesha, halafu akaamini maneno yangu akaenda kuvuna. Aliyekuwa na uvimbe ni yeye. Anayeona damu asisubiri mavuno, asisubiri shule. Aende."

Kuna aliyeweka kikombe chini. Mmoja mlangoni akasonya, akavuta kanga yake akatoka, na sikumlaumu. Wengine walinitazama tumbo. Walilitazama waziwazi, lile tumbo zuri la bapa nililolilipia, na sikuwahi kulichukia kama dakika ile.

Ndipo nikasikia mbao za kenchi zinalia.

Mama mkwe alikuwa ameshika kamba. Fundo la kwanza, la pili. Anajivuta kwa mikono, tumbo ameliacha lilale. Nikataka kumkimbilia, akanikataza kwa macho. Akakaa wima mwenyewe, anahema.

"Maryamu," akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Ijumaa mkwe wangu atakusindikiza. Sasa mpisheni kiti akae, mnamtazama tumbo hajala tangu asubuhi."

Wakanipisha kiti. Safari hii sikushika kiuno.

Sijawaletea haya kuwakataza kukata matumbo. Mwili ni wako, ukitaka kukata kata, andaa chumba chako, panga mito yako, mwambie mwenzako ukweli akucheke siku mbili yaishe. Ila usijivike ugonjwa wa watu ili usitiri aibu yako. Kuna mwenye nao kweli, amekaa karibu yako na bakuli la uji, anakusikiliza kila neno ili ajue na yeye afanye nini.

Ijumaa nilimsindikiza Maryamu. Wamempa tarehe, na safari hii nimeiandika ukutani kwa chaki. Jana tumeinua kitanda chake kwa matofali, ndoo tumeiweka juu ya stuli.

Mama anasema ana nguvu sasa, anaamka bila kamba. Ametuagiza tuifungue tumpelekee Maryamu.